p yangu ni 0.08: niandike kwamba hakuna tofauti?

Swali: Mwalimu, shikamoo. Naandika tasnifu. Nilikuwa na wanafunzi 30, nikawagawa kwa kura: 15 wafundishwe mada moja kwa njia ya zamani, 15 kwa njia mpya. Wote nimewafundisha mwenyewe, na wote walifanya jaribio fupi la kuanzia kabla ya kipindi cha kwanza. Mwishoni kundi la njia ya zamani lilibaki na watu 12. Wastani wao ni alama 58, mchepuko sanifu 8. Kundi la njia mpya wamebaki wote 15. Wastani 65, mchepuko sanifu 12. Programu moja imenipa p ya 0.08, nyingine 0.10, na data ni ileile. Yupo mwanafunzi mmoja wa njia mpya aliyepata 38. Nikimtoa, p inashuka hadi 0.02. Mwenzangu ananiambia p ikizidi 0.05 niandike "hakuna tofauti" nifunge mjadala. Nishike lipi?

Jibu: Marahaba. Mwanafunzi wa 38 mrudishe mahali pake, na yale maneno "hakuna tofauti" yafute leo. Nimeanza na hayo kwa sababu ndiyo yanayoweza kukuharibia kazi, mengine yanarekebishika. Halafu kuna jambo umelitaja kwa kupita tu, lile jaribio la kuanzia, nalo kwa maoni yangu lina thamani kuliko mjadala wote wa 0.08 na 0.10. Nitalifikia. Kwanza tuelewane p ni kitu gani, maana ubishi wako na mwenzako umeanzia hapo.

Chukua vikaratasi 27. Andika kwenye kila kimoja alama ya mwanafunzi mmoja, bila jina na bila kundi. Vichanganye vizuri, kisha hesabu 12 uviweke kushoto na 15 kulia. Piga wastani wa kila upande, utoe mmoja kwa mwingine. Utapata tofauti fulani, labda 2, labda hasi 4. Vikusanye, changanya tena, rudia. Vikaratasi 27 vinaweza kugawanywa hivyo kwa njia 17,383,860, na katika zote hakuna hata moja inayojua nani alifundishwa vipi, kwa kuwa umeshayafuta majina ya makundi. Tofauti zote zinazojitokeza hapo ni za bahati tupu. Sasa uliza: katika migawanyo hiyo, ni mingapi inayotoa pengo la alama 7 au zaidi, upande wowote? Kwa takwimu ulizonipa, ni kama 10 katika kila 100. Hiyo ndiyo p, haina siri nyingine.

Angalia hesabu hiyo imesimama juu ya nini. Imesimama juu ya neno "kama". Kama njia ya kufundisha haina athari yoyote, kama kila mwanafunzi angepata alama ileile hata angewekwa kundi lingine, basi pengo la alama 7 lingetokea lenyewe mara 8 hadi 10 katika 100. Tumeanza kwa kudhani tofauti haipo, tukapima pengo hili lingetushangaza kiasi gani. Mtu aliyelidhani jambo mwanzoni mwa hesabu hawezi kugeuka mwishoni akasema hesabu imelithibitisha jambo hilohilo. Ndicho mwenzako anachokuomba ufanye. Wala p ya 0.08 haisemi kwamba kuna uwezekano wa asilimia 8 kuwa njia mbili ziko sawa; kosa hilo nalo limeenea, hata kwa watu wenye shahada nyingi. Chama cha Wanatakwimu cha Marekani kililazimika kutoa tamko mwaka 2016 kuhusu matumizi ya p, na miongoni mwa kanuni zake sita zimo hizi mbili: kwamba p haipimi uwezekano wa nadharia tete kuwa kweli, na kwamba uamuzi wa kisayansi usitegemee tu kama p imevuka mstari fulani au haijavuka.

Jaribio la t ulilolitumia ni njia ya mkato ya kufika hapohapo bila kuchanganya vikaratasi, na mtu aliyelianzisha alikuwa na shida kama yako. William Sealy Gosset alikuwa mkemia katika kiwanda cha bia cha Guinness, Dublin. Vipimo alivyokuwa akivipata kazini vilikuwa vichache kila mara, wakati hesabu za siku zile zilifaa sampuli kubwa. Kabla hajafaulu kuipata kanuni ya sampuli ndogo kwa hesabu, aliitafuta kwa mikono: akachukua vipimo vya watu 3,000, urefu wa mwili na urefu wa kidole cha kati, akaviandika kwenye kadi 3,000, akazichanganya vizuri, akazichukua nne nne hadi akapata sampuli 750. Alipoipata kanuni, akatazama kama sampuli hizo zinakubaliana nayo. Alichapisha mwaka 1908 kwa jina la Student kwa kuwa mwajiri wake hakuruhusu wafanyakazi kuchapisha kwa majina yao. Mimi humkumbuka kila ninapoona mtafiti kijana anaona aibu kwa sababu ana watu 12. Jaribio hili lilitengenezwa kwa ajili ya watu 12.

Ule mstari wa 0.05 umetoka kwingine. Ronald Fisher, katika kitabu chake cha mwaka 1925, aliona kwamba nafasi 1 katika 20 ni kipimo kinachofaa kwa kazi za kila siku. Alichagua kwa urahisi wa matumizi. Hakuna kitu katika maumbile kinachobadilika pale p inapotoka 0.051 kuingia 0.049, na tasnifu isiandikwe kana kwamba kipo.

Basi kama p haijibu swali lako, kinachojibu ni nini? Swali ulilolianza nalo darasani, nadhani, lilikuwa: njia mpya inaongeza alama ngapi? Hebu tulijibu hilo kwa kalamu, maana ni hesabu fupi na ukiifanya mara moja kwa mkono hutaiogopa tena. Mchepuko sanifu, yaani kipimo cha alama zilivyotawanyika kuzunguka wastani, kwa kundi la zamani ni 8. Mraba wake ni 64. Gawanya kwa watu 12, unapata 5.33. Wa kundi jipya ni 12. Mraba wake 144. Gawanya kwa 15, unapata 9.6. Jumlisha: 14.93. Kipeo chake cha pili ni 3.86. Hilo ndilo kosa sanifu la tofauti, yaani kiasi ambacho tofauti ya wastani ingeyumba kwa kawaida kama ungerudia utafiti huu na watu wengine wa aina hiyohiyo. Tofauti yako ni 7. 7 gawanya kwa 3.86 ni 1.81, na hiyo ndiyo t. Kwa digrii za uhuru 24 na kidogo (namba ambayo programu huikokotoa kutokana na idadi ya watu na mitawanyiko yao), kizidishi cha asilimia 95 ni 2.06. Zidisha 2.06 kwa 3.86, unapata karibu 8. Masafa ya uhakika ya asilimia 95 basi yanatoka alama hasi 1 hadi alama 15.

Yasome masafa hayo taratibu. Data yako inapatana na hali ambayo njia mpya inapunguza alama 1. Inapatana pia, na vizuri zaidi, na hali ambayo inaongeza alama 7. Inapatana na ongezeko la 12, ongezeko ambalo mwalimu yeyote angebadilisha ufundishaji wake kwa ajili yake. Mtu aliyeandika "hakuna tofauti" ameyatupa yote hayo akabaki na nukta moja, sifuri, ambayo hata haiko katikati ya masafa. Iko karibu na ukingo. Utafiti wako haujasema kwamba njia hizi ni sawa. Umesema kwamba hauwezi bado kutenganisha faida kubwa na kukosekana kwa faida.

Na usingeweza kwa urahisi. Tuseme ukweli wenyewe ni alama 7 kamili, na michepuko ni hiyo uliyoipata. Utafiti wa watu 12 na 15 ungefikia p chini ya 0.05 karibu mara 4 tu katika 10. Mara 6 zilizobaki ungerudi na jibu kama hili ulilonalo, na faida ipo. Ili kuikamata tofauti ya ukubwa huo mara 8 katika 10, ungehitaji watu kama 36 kila kundi. Hii si lawama. Kuna wakati wanafunzi ulionao ndio hao na huna wengine. Lakini ukiandika "hakuna tofauti" kutokana na utafiti wenye nguvu ya 4 katika 10, atakayekuja nyuma yako ataiacha njia mpya kwa sababu yako, na pengine ilikuwa inafaa.

Programu mbili, p mbili. Hapo hakuna aliyekosea. Fisher, aliyeliendeleza jaribio la Gosset hadi kwenye makundi mawili, alidhani makundi yote mawili yana mtawanyiko mmoja, kwa hiyo hesabu yake inaichanganya michepuko pamoja kupata mmoja. B. L. Welch, mwaka 1947, akatoa namna ya kuacha kila kundi na mtawanyiko wake, ndiyo hesabu tuliyoifanya hapo juu, na ndiyo iliyokupa 0.08. Ile iliyochanganya imekupa 0.10. Tumia ya Welch, sasa na siku zote. Programu ya R huichagua yenyewe usipoiambia vinginevyo. Kwenye Excel, katika fomula ya T.TEST, ni aina ya 3. Mitawanyiko ikiwa sawa kweli, hupotezi kitu cha maana kwa kutumia Welch. Isipokuwa sawa, kuchanganya kunaweza kukudanganya, hasa kundi dogo likiwa ndilo lenye mtawanyiko mkubwa: hapo p inatoka ndogo kuliko inavyostahili na mtu anatangaza ugunduzi usiokuwepo. Kwako bahati imegeuka upande mwingine, kundi kubwa ndilo lililotawanyika, ndiyo maana p ya kuchanganya imekuwa kubwa. Usifanye ile desturi ya kupima kwanza kama mitawanyiko ni sawa halafu ndipo uchague jaribio. Kwa watu 12 kipimo hicho chenyewe hakioni vizuri.

Sasa huyu wa 38. Nimeipiga hesabu bila yeye: wastani wa kundi jipya unapanda kutoka 65 hadi 66.9, mchepuko sanifu unashuka kutoka 12 hadi 9.75, tofauti inakuwa 8.9, na t inaruka hadi 2.56. Kwa hiyo 0.02 yako ni sahihi kimahesabu. Tazama lakini imetoka wapi. Wastani umesogea chini ya alama 2. Kusogea huko ndiko kulikofanya kazi kubwa, na mchepuko kupungua kukaongezea. Umemwondoa mtu aliyekuwa anakukumbusha kwamba kwa baadhi ya wanafunzi njia mpya huenda haifanyi kazi, na kwa kumwondoa ukaifanya data ionekane imetulia. Alama 38 iko chini ya wastani wa kundi kwa michepuko 2.25. Katika watu 15, kumwona mmoja wa namna hiyo si ajabu hata kidogo.

Zipo sababu halali za kumtoa mtu. Karatasi yake ilisahihishwa vibaya. Aliugua katikati ya mtihani akatoka. Tarakimu iligeuzwa wakati wa kuingiza data, 83 ikawa 38. Hiyo ya mwisho ikague leo hii, chukua karatasi yenyewe mkononi uitazame. Lakini sababu ya kumtoa lazima iwe imesimama hata kama kumtoa kungeipandisha p. Jiulize: kama angekuwa kundi la zamani, na kumtoa kungekuharibia matokeo, ungemtoa? Kama jibu linasita, anabaki. Ukipenda, andika mstari mmoja kwamba bila mwanafunzi huyu tofauti ingekuwa 8.9, ili msomaji ajue matokeo yanamtegemea mtu mmoja kiasi gani. Msomaji anastahili kulijua hilo. Ila jibu kuu ni la watu 27.

Kwa sababu hiyohiyo, asije mtu akakushauri ugeukie jaribio la upande mmoja. Litakupa 0.04, ndiyo, kwa kuwa linaigawa p kwa mbili. Upande huchaguliwa kabla ya kuona data, na wewe umeshaona. Mann-Whitney nalo utaambiwa ulitumie kwa kuwa data ni chache na huenda si ya mgawanyo wa kawaida. Ni jaribio zuri, lakini linauliza swali lingine, kama mtu wa kundi moja akiokotwa kwa bahati ataelekea kumzidi mtu wa kundi la pili, na wewe umeuliza kuhusu wastani. Baki na Welch.

Kuna jambo hukuniuliza, nami siwezi kulipita. Ulianza na 15 na 15. Kundi la zamani limebaki na 12. Watatu wameondoka, na wote upande mmoja. Kura uliyoipiga ndiyo nguzo ya kazi yako: ndiyo inayokuruhusu kusema makundi yalifanana mwanzoni, ndiyo inayoupa ule mchezo wa vikaratasi maana. Nguzo hiyo inalegea watu wanapojichagulia kuondoka. Kama walioondoka ni wale waliokuwa wanazidiwa, basi 58 ni wastani wa waliohimili, na kundi zima lingepata chini ya hapo. Tofauti ya kweli ingezidi 7. Kama waliondoka kwa kuwa ni wepesi wakachoshwa, mambo yanageuka. Huna mtihani wao wa mwisho, ila jaribio la kuanzia walilifanya. Angalia alama zao tatu ziko wapi kati ya 15. Andika ulichokiona, hata kama hakipendezi.

Hapo tumefika kwenye lile jaribio la kuanzia.

Katika makala yake ileile ya mwaka 1908, Gosset alitumia mfano ambao mpaka leo umo ndani ya programu za takwimu, data ya Cushny na Peebles ya mwaka 1905. Wagonjwa 10, dawa mbili za usingizi. Kwa kila mgonjwa imeandikwa saa za usingizi zilizoongezeka kwa kila dawa. Dawa ya kwanza iliongeza wastani wa saa 0.75, ya pili saa 2.33. Ukizichukua safu hizo mbili kama makundi mawili ya watu wasiohusiana, ukatumia Welch, unapata t ya 1.86 na p ya 0.08. Umeiona? Karibu sawasawa na yako. Lakini ni wagonjwa walewale. Mgonjwa wa tano alipata hasi 0.1 kwa dawa zote mbili. Wa saba alipata 3.7 kwa ya kwanza na 5.5 kwa ya pili. Kuna watu usingizi huwakubali na kuna ambao hauwakubali, na utofauti huo mkubwa baina ya mtu na mtu ndio ulioifunika tofauti ya dawa. Chukua sasa kila mgonjwa peke yake, toa saa za dawa moja kwa nyingine: 1.2, 2.4, 1.3, 1.3, 0, 1.0, 1.8, 0.8, 4.6, 1.4. Hakuna hata moja iliyo hasi. Wastani ni 1.58, t ni 4.06, p ni 0.003. Namba zilezile 20, hakuna mgonjwa aliyeongezwa. Kilichobadilika ni kwamba kila mtu amelinganishwa na nafsi yake.

Wewe huwezi kufanya jozi hivyo, kwa sababu kila mwanafunzi wako amefundishwa njia moja tu. Lakini unaweza kuchukua kipande kikubwa cha faida hiyohiyo. Alama za mwisho zinatawanyika kwa sababu wanafunzi walikuja wakiwa tofauti, na jaribio la kuanzia linakuambia walikuja wakiwa tofauti kiasi gani. Unaweza kutoa alama ya kuanzia kwenye ya mwisho, ukalinganisha ongezeko la makundi mawili kwa Welch kama kawaida. Au, na hii ndiyo ninayokushauri, tumia rigreshini: alama ya mwisho ielezwe na kundi pamoja na alama ya kuanzia. Tofauti utaiona kwa hesabu. Tuseme uhusiano wa alama za kuanzia na za mwisho ni 0.7 (ungekuwa 1 kama zingekwenda pamoja kabisa), na mitawanyiko yake ni sawa. Ukitumia ongezeko, variansi (mraba wa mchepuko sanifu) inabaki asilimia 60 ya ilivyokuwa. Ukitumia rigreshini inabaki asilimia 51. Kosa sanifu lako la 3.86 lingeshuka hadi karibu 2.8, na masafa yangekuwa alama 6 kila upande badala ya 8. Kama uhusiano huo uko chini ya 0.5, ongezeko linakuwa baya kuliko kutotumia kabisa jaribio la kuanzia, kwa kuwa unaongeza kelele za jaribio lenyewe la kuanzia. Rigreshini haina hatari hiyo. Ndiyo maana naipendekeza bila kujua uhusiano wako ni upi.

Sikuahidi kwamba p itashuka. Rigreshini itagusa pia tofauti yenyewe: kama kura iliwaangushia njia mpya wanafunzi walioanza juu kidogo, ile 7 itapungua, na itakuwa imepungua kwa haki. Na kuna mtego mmoja hapa ambao nimeuona kwenye tasnifu nyingi mno. Mtu anachukua kundi la zamani peke yake, anapima kabla na baada, p ni 0.15. Anachukua kundi jipya peke yake, kabla na baada, p ni 0.01. Anahitimisha njia mpya imeshinda. Hajalinganisha kitu. Makundi mawili yanaweza kupanda kwa alama karibu sawa, moja likavuka mstari na lingine lisivuke kwa sababu tu lina watu wachache. Ukitaka kujua kama kundi moja limelizidi lingine, liwekwe swali hilohilo kwenye hesabu moja, na tofauti ya makundi itoke na masafa yake.

Swali litakalokuja kwenye utetezi wa tasnifu ni kwa nini umefanya rigreshini baada ya kuona 0.08. Ni swali la haki, na jibu lake liwe tayari ndani ya maandishi. Jaribio la kuanzia lilikuwapo kabla ya kipindi cha kwanza, hukulibuni baadaye. Andika wazi kwamba uchambuzi wa kwanza ulikuwa wa wastani wa mwisho peke yake, utoe matokeo yake yote, kisha useme umerekebisha kwa alama za kuanzia na utoe hayo nayo, yawe yamekupendeza au la. Uamue sasa, kabla hujaifungua programu, kwamba yote mawili yataingia.

Sentensi ya kwanza nakuandikia mimi, uirekebishe kwa mtindo wa tasnifu yako: "Wanafunzi wa njia mpya walipata wastani wa alama 65 (mchepuko sanifu 12, watu 15), na wa njia ya zamani alama 58 (mchepuko sanifu 8, watu 12). Tofauti ni alama 7, masafa ya uhakika ya asilimia 95 kuanzia hasi 1 hadi 15; jaribio la t la Welch, t = 1.81, digrii za uhuru 24.3, p = 0.08. Matokeo yanaelekea upande wa njia mpya, lakini utafiti ni mdogo na hauwezi kuondoa uwezekano kwamba faida ni ndogo sana au haipo." Sentensi ya pili, ya rigreshini, utaiandika mwenyewe ukishapata namba. Kabla ya hapo chora mchoro wa nukta, alama za kuanzia chini na za mwisho pembeni, kila kundi na rangi yake, na wale watatu walioondoka uwawekee alama pale chini walipoanzia. Uutazame kwa muda kabla ya kuibonyeza programu.